Si Kila Ganzi ni Sukari

Ninyi mnaosomea utabibu na uuguzi, ambao karibuni mtapewa koti jeupe na chumba chenye kiti cha mgonjwa, nawaandikia nikiwa na hasira. Nimestaafu. Nina shamba dogo upande wa Kiberege, nina kuku wasionisikiliza, na wenzangu wamenishauri kwamba mtu wa umri wangu akiwaandikia vijana aandike kwa upole. Nimejaribu, nimeshindwa. Upole wa watu kama sisi, wa kuona na kunyamaza, ndio uliowagharimu wagonjwa vidole vyao.

Kisa changu kinahusu kliniki ya sukari katika kituo kimoja cha afya kwenye barabara ya Mlimba. Sitakitaja, kwa sababu tabia niliyoikuta pale si ya kituo kimoja. Tabia yenyewe ni hii: mtu akishaandikiwa kwamba ana kisukari, hana ruhusa tena ya kuugua kitu kingine. Miguu ikiwaka moto, ni sukari. Mkono ukifa ganzi, ni sukari. Akiyumba njiani, ni sukari, na kama juzi alikula wali, basi yeye mwenyewe ndiye mkosaji. Katika bonde ambalo watu hulima mpunga, huuza mpunga, huoza mabinti kwa wali na huzika wazee kwa wali, tunamkalisha mama mtu mzima kwenye benchi na kumwuliza kwa ukali, "Umekula nini?", kana kwamba hatujui.

Mimi nilifika kwenye kliniki hiyo mwishoni mwa utumishi wangu. Kabla ya hapo, kwa sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi, nilikuwa afisa tabibu wa kifua kikuu na ukoma, nikizunguka vijijini kwa pikipiki ya serikali iliyopenda kuzimika kila palipokuwa na maji. Nilipohamishiwa upande wa sukari, mwenzangu mmoja alinipongeza.

"Sasa umepumzika, Mama. Huku ni kupima, kuandika vidonge na kugomba."

Alisema kwa mzaha, lakini hakukosea hata neno moja.

Kazi ya kuichunguza mishipa ya fahamu nilifundishwa na daktari bingwa ambaye sasa ni marehemu, Daktari Ambrosi, mtu mrefu, mkali kwa wanafunzi na mpole kupita kiasi kwa wagonjwa. Alituonya mapema kwamba adui wa kwanza wa kipimo cha ganzi ni adabu. Mgonjwa wa kwetu amelelewa asimvunje moyo mtu anayemhudumia. Ukimgusa unyayo kwa pamba ukamwuliza kama anasikia, atakujibu kwamba anasikia, hata kama mguu wenyewe unaweza kukanyaga kaa la moto pasipo habari. Siku moja alitukusanya mbele ya mzee mmoja, mvuvi wa mtoni, akamfunika macho kwa kitambaa, akasimama hatua mbili mbali naye.

"Unasikia, mzee?"

"Nasikia, daktari. Nasikia vizuri kabisa."

"Bado sijakugusa."

Mzee akafikiri kidogo chini ya kitambaa chake. "Basi ni kwa kuwa ulikuwa unakaribia."

Tulicheka sote, na mzee alicheka kutuzidi. Kisha tukaonyeshwa namna ya kufanya, nami nawapa ninyi kama nilivyopewa. Usimwulize kama anasikia. Mfunike macho, mguse kwa ncha ya kalamu ya wino bila kukandamiza, kisha mwache akuonyeshe kwa kidole mahali ulipomgusa. Mara nyingine usimguse kabisa. Kaa kimya uone atafanya nini. Pima kulia na kushoto, kwa maana upande ulio mzima ndio utakaokuambia ubaya wa upande wa pili. Na kabla ya yote hayo, mgonjwa avue. Huwezi kuona kwa kupitia kitenge.

Sasa niwaeleze mwenendo wa sukari, kwa sababu hapa ndipo wengi hupotea. Kisukari kinapoharibu mishipa ya fahamu, kwa kawaida hufuata utaratibu kama mtu mstaarabu katika foleni. Huanza kwenye vidole vya miguu, miguu yote miwili, hupanda polepole kama soksi inayovutwa, na hufika mikononi baada ya kukaribia magoti. Kwa hiyo mgonjwa akikuambia kwamba mkono mmoja umelegea huku ganzi ya miguu ikiwa bado iko chini ya vifundo, jua kuna kitu kilichoruka foleni. Huenda ni mshipa uliobanwa kwenye kiganja. Huenda ni shingo. Huenda ni dawa, pombe, au upungufu wa chakula fulani mwilini. Jambo la kukumbuka ni kwamba kuwapo kwa sukari hakumzuii mwingine kuingia. Magonjwa mawili yanaweza kukaa ndani ya mguu mmoja, na lile lenye jina kubwa likamficha jirani yake.

Nilimkuta katika kliniki ile katekista mmoja wa Idete, mtu wa makamo, aliyekuwa akimeza metformini, kile kidonge cha sukari, kwa miaka mingi bila kukosa. Nyayo zilimwaka moto, na giza likiingia alitembea akishika kuta. Alipoeleza hayo, aliambiwa sukari imemla mishipa, akaongezewa metformini. Kijijini waliongeza la kwao: kwamba katekista sasa anakunywa. Hakuwa ameonja pombe tangu ujana wake. Aliponieleza hakulalamika hata kidogo, na utulivu ule ndio ulionikasirisha.

"Paroko aliniambia nipumzike kusoma masomo," alisema. "Watu walikuwa wakiangalia miguu yangu badala ya kusikiliza Neno."

Nilimsimamisha, miguu pamoja, nikamwambia afumbe macho. Aliyumba kama mti uliokatwa nusu, nikamdaka. Nilishika kidole gumba cha mguu wake nikakipandisha na kukishusha; hakujua kiko juu au chini. Ganzi peke yake haimwangushi mtu hivyo. Dawa ile ile inayomsaidia mgonjwa wa sukari, ikitumika miaka mingi, inaweza kumzuia mtu kupata vitamini B12 kutoka katika chakula, na upungufu huo huharibu mishipa ya fahamu kwa namna inayofanana sana na sukari. Tulituma damu mbali kupimwa, na bila kusubiri majibu tukaanza sindano za vitamini hiyo. Hakurudi kuwa kijana, lakini alirudi kusimama mbele ya watu na kusoma. Fikirini: dawa tuliyompa sisi ndiyo iliyomyumbisha, tukamwongezea dozi, na aliyechafuka jina ni yeye.

Lakini aliyenifanya niandike ni Mama Skolastika wa Mchombe.

Alikuwa mjane mkulima, mwenye sukari ya miaka, anayeishi na mkwewe Edina na wajukuu baada ya mwanawe kwenda kutafuta kazi Mbeya. Wakati wa kuvuna aliieleza kliniki kwamba mundu unamponyoka mkono wa kulia. Aliambiwa ni sukari. Wakati wa kusafisha mashamba alieleza kwamba kidole kidogo na jirani yake vimeanza kujikunja. Aliambiwa ni sukari, akagombezwa kwa wali, akaongezewa kidonge. Daktari aliyemhudumia alikuwa kijana aitwaye Filbert. Nawaomba msimchukie. Alikuwa mchapakazi, hakuwahi kuchelewa, na aliwahudumia wagonjwa wengi kuliko inavyofaa mtu mmoja kuwahudumia. Alifanya alichofundishwa, na ukoma alifundishwa kama historia. Wakubwa waliposema ugonjwa ule si tatizo kubwa tena, vyuo vilisikia kwamba haupo.

Kuna jambo lingine lililomficha Mama Skolastika, nalo ni desturi yetu wenyewe. Mama wa bondeni haendi hospitali hivi hivi. Anaoga, anajisugua, anajipaka mafuta mpaka mikono ing'ae, anavaa gauni la mikono mirefu na kitenge cha Jumapili. Ni heshima kwake na kwa daktari. Lakini mafuta yale hufuta maandishi yote ya ngozi. Ngozi iliyokauka hung'aa sawa na ngozi nzima, na baka lililopauka hupotea kabisa. Kila mwezi Mama Skolastika alikuja amejiandaa vizuri kuonwa, na kwa hiyo hakuonekana.

Siku hiyo alikuja bila kujiandaa. Ulikuwa wakati wa kupandikiza mpunga, jua la Januari likichoma baada ya mvua, naye alitoka moja kwa moja kwenye jaruba, matope hadi magotini, mikono ya gauni imekunjwa hadi mabegani. Nilikuwa meza ya pili katika chumba cha Filbert.

"Mama, ndiyo umekuja na matope hivi?" Filbert alimwuliza.

"Nisamehe, daktari. Vidole vimenigomea kabisa. Nachomeka mche, mche unaelea. Mabinti walio nyuma yangu wananicheka, wanasema, 'Bibi, mpunga wako unaogelea.' Nikaona nikienda kwanza nyumbani kuoga nitakata tamaa."

Filbert akampima. "Lakini sukari yako leo ni nzuri sana."

"Sasa mbona mkono haujaambiwa kwamba ni nzuri?"

Hapo ndipo nilipoinua uso. Mama Skolastika alikuwa akitokwa jasho jingi. Alikuwa ameshuka garini na kutembea juani. Mkono wote wa kulia ulilowa, matone yakiteremka. Isipokuwa juu kidogo ya kiwiko, upande wa nyuma, palikuwa na mahali pa ukubwa wa kiganja ambapo hapakuwa na tone hata moja. Vumbi la barabarani lilikaa pale likiwa kavu, kama kisiwa. Pembeni yake jasho lilipita, likazunguka.

Niliinuka, nikaomba ruhusa ya Filbert na ya mgonjwa. Nilimwuliza baka lile ana muda gani nalo. Alishangaa, alikuwa hajawahi kuliona, kwa kuwa liko nyuma, na halikuwahi kumwuma wala kumwasha. Nilimfunika macho nikamgusa kwa kalamu. Pembeni ya baka alionyesha kila mara kwa usahihi. Ndani ya baka alikaa akisubiri nianze. Kisha nilipitisha vidole nyuma ya kiwiko, kwenye mfereji ule ambao ukigongwa mtu huruka, nikaukuta mshipa umevimba, mnene kama kamba ya katani, na nilipoubonyeza kidogo aliuvuta mkono wake. Nikashika miguu yake yote miwili: ganzi ya sukari, sawa kulia na kushoto, chini ya vifundo. Haikuwa imepanda hata nusu ya njia ya kwenda magotini.

Nikamwambia Filbert, "Miguu ni yako. Mkono ni wangu."

Alikuja akashika mwenyewe mshipa ule, wa kulia na wa kushoto, akarudia. Nilimheshimu kwa hilo.

Tulipomtajia Mama Skolastika jina la ugonjwa, ukoma, hakulia. Alishusha mikono ya gauni lake, kwanza mmoja, kisha mwingine, akafunga vifungo.

"Niachieni sukari yangu," alisema.

"Dada, huu unatibika," nilimwambia. "Dawa ni za bure, na ukishaanza kumeza huambukizi mtu."

"Nimekuelewa. Lakini sukari nikiitaja kwenye jumuiya ya kanisa, wananiletea unga wa dona na pole. Huo mwingine nikiutaja, watanitengea kikombe. Shangazi yangu alichukuliwa kupelekwa kwenye makazi ya wenye ugonjwa huo zamani, na sisi watoto tulikatazwa hata kumwita jina. Nina wajukuu wananilalia mapajani. Andikeni sukari."

Vijana, hapa naomba msimame kidogo. Tulikuwa tumemwekea jina lisilo lake kwa miezi, na sasa alikuwa amelizoea kiasi cha kulitetea. Huo ndio ukatili wa jibu la haraka: linampa mgonjwa mahali pa kujificha wakati mkono wake unakufa.

Na mkono ulikuwa unakufa kweli. Dawa za ukoma huua vijidudu, lakini mshipa uliovimba unahitaji prednisoloni ili uvimbe ushuke, na unaihitaji mapema, katika miezi ya mwanzo ya ulegevu. Ukichelewa, vidole hubaki vilivyo. Miezi ile tulikuwa tumeitumia kumgombeza. Na prednisoloni hupandisha sukari.

"Mama, nakuheshimu," Filbert aliniambia tulipotoka koridoni, "lakini prednisoloni kwa mtu wa sukari ni kumwagia moto petroli."

"Na usipoitoa?"

"Atalegea vidole viwili."

"Vidole viwili vya mkono wa kupandikizia. Filbert, sukari ikipanda tuna insulini, tunaweza kuishusha. Mshipa ukifa una dawa gani kwenye kabati lako?"

Na sikuwa nimemaliza. Nilimwambia kwamba mtaalamu anayeogopa dawa kuliko anavyoogopa ulemavu wa mtu mwingine anajilinda mwenyewe. Lilikuwa neno zito kuliko alivyostahili, lakini sijalijutia. Filbert alirudi ndani, akavuta kiti akaketi mbele ya Mama Skolastika badala ya kusimama, akamweleza yote: dawa ya ukoma, dawa ya kuokoa mkono, hatari ya sukari kupanda, sindano za insulini, na haja ya kukaa karibu ili apimwe mara kwa mara. Mama Skolastika alisikiliza huku akiuangalia mkono wake.

"Hiyo dawa ikipandisha sukari, mtanigombeza?"

"Hapana, mama."

"Sema mbele ya mama huyu."

"Sitakugombeza."

Akakubali. Alikwenda kukaa Ifakara mjini kwa dada yake, si mbali na kituo chetu, akaacha shamba katikati ya msimu mikononi mwa Edina. Mkwewe aliambiwa ni sukari imezidi.

Sukari ilipanda kama tulivyotarajia, insulini ikaongezwa, na nguvu zikaanza kurudi kidogo. Alianza kushika kijiko. Kisha siku moja Filbert na mimi hatukuwapo, na mhudumu mwingine, aliyekuta namba kubwa kwenye kipimo na hakuuliza sababu yake, alimsema mbele ya benchi zima. Alimwambia kwamba watu kama yeye ndio wanaomaliza dawa za serikali kwa ulafi wa wali. Mama Skolastika alipanda gari la Mlimba jioni hiyo akarudi Mchombe, na vidonge vyote akaviacha kwa dada yake.

Nawaambia ninyi mnaosoma: prednisoloni iliyotumika kwa wiki nyingi haiachwi ghafla. Mwili unakuwa umesahau kutengeneza homoni yake inayofanana nayo, na mtu anaweza kuanguka akafa. Hilo halikuandikwa kwenye kipimo kile cha sukari.

Nilipopata habari nilichukua vidonge nikaenda Mchombe mwenyewe. Nilimkuta kando ya jaruba akiwa amekaa, amechoka, uso umepauka, na Edina amesimama majini akipandikiza mistari ya watu wawili. Nilimwamkia, nikamwomba ameze dozi yake pale pale, hata kama hataki kuniona tena.

"Sikuondoka kwa sababu ya dawa," aliniambia baada ya kumeza. "Nimezaa, nimezika mume, nimelima hapa tangu mto huu ukiwa na mamba wengi kuliko watu. Nimechoka kufanywa mtoto."

Sikuwa na la kumtetea mhudumu yule, nami sikujaribu. Nilimwambia ana haki, na kwamba hata hivyo mkono ni wake, si wa mhudumu. Edina alikuwa amesogea, matope yakimtiririka, akitazama paketi zile za vidonge mkononi mwangu, ambazo hazikufanana na vidonge vya sukari.

"Mama, hizo ni dawa za nini?"

Mama Skolastika alinitazama. Siri haikuwa yangu. Aligeukia majini, akasema kwa Kipogoro, kwa sauti ya chini, jina la ugonjwa alilokatazwa kulitamka utotoni.

Edina alishusha miche aliyoishika. "Ukoma?"

"Ndiyo."

"Ukoma tu?" Akakaa chini pale pale kwenye tuta. "Mimi tangu uende Ifakara najua una UKIMWI unanificha. Nimelia kila nikipika. Kumbe ukoma tu. Mama, hata wewe."

Mama Skolastika alianza kucheka, akajizuia, akashindwa, na wote wawili walicheka mpaka mabinti wa jaruba la jirani wakanyoosha migongo kutazama. Nilisubiri wamalize. Kisha nilimwomba Edina ruhusa ya kumkagua ngozi yeye na watoto, kama utaratibu unavyotaka kwa watu wanaoishi nyumba moja, na nilifanya hivyo jioni, kabla ya mtu yeyote kupaka mafuta. Wote walikuwa salama.

Alirudi Ifakara akamaliza prednisoloni kwa kupunguzwa taratibu kama inavyopaswa, na dawa za ukoma akaendelea nazo hadi mwisho wake. Sukari ilitulia. Kidole cha pete kilinyooka. Kidole kidogo hakikunyooka, na hakitanyooka. Kile ni bei ya miezi ambayo tulikuwa na jibu tayari kabla ya kumsikiliza. Ninyi mtakaposikia wakuu wakisema kwamba mgonjwa huyu alitibiwa kwa mafanikio, ulizeni habari za kidole kidogo.

Jumanne moja, nikiwa nimebakiza muda mfupi wa kustaafu, benchi lilikuwa limejaa na somo la asubuhi kwa wagonjwa lilikuwa limeanza. Somo ni lile lile: wali, ugali mweupe, uvivu. Mhudumu aliyefundisha ni yule yule aliyemsema. Mama Skolastika alikuwa mstari wa mbele. Alinyanyua mkono kama mwanafunzi, akaomba kuongea, na bila kusubiri kuruhusiwa akasimama. Hakuwa amejipaka mafuta. Alikunja mkono wa gauni mpaka begani, akageuka ili benchi zima lione baka lake, ambalo lilikuwa limeanza kurudisha rangi.

"Mimi nina sukari," alisema. "Na nilikuwa na ukoma. Vyote viwili. Huu hapa ni ukoma, nimeutibu, na nakula sahani moja na wajukuu zangu. Niligombezwa kwa wali wakati mkono unaoza. Sasa nauliza, nani hapa mkono wake unalegea na ameambiwa ni sukari?"

Mama mmoja alivuta mtoto wake karibu. Mwingine aliinamisha kichwa, akajifanya anatafuta kitu mkobani. Mhudumu alimwambia akae, somo liendelee. Mama Skolastika hakukaa. Alisimama hivyo, mkono wake wazi, akiwaangalia mmoja mmoja.

Kisha mzee mmoja wa nyuma kabisa, mkulima mkimya ambaye sote tulimjua, akaanza kufungua vifungo vya shati. Alivifungua kwa mkono wa kushoto, kwa shida, kwa sababu wa kulia haukuweza. Filbert alitoka chumbani mwake, akapita katikati ya watu, akachuchumaa mbele yake.

"Shikamoo, mzee. Naomba nikuone mgongo."

"Marahaba, mwanangu," mzee alisema, akageuka. "Nilidhani hamtauliza."

Alikuwa akihudhuria kliniki ile kila mwezi, bila kukosa, tangu kabla hata mimi sijahamishiwa pale.